Kanga na sungura pori shambani: nani hufukua mbegu na nani hukata miche

Swali: Mimi ni mkulima wa wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Shamba langu la kunde na mbaazi limepakana na kichaka. Mbegu nyingine hufukuliwa kabla hazijaota, na baadhi ya miche iliyokwisha kuota naikuta asubuhi imekatwa. Jirani yangu anasema ni kanga, lakini mimi nimemwona sungura pori mara nyingi akitoka mlemle shambani. Wote wawili hukaa chini na kufyatuka ghafla miguuni mwa mtu. Nitajuaje mharibifu ni yupi, na je, njia ya kumzuia ni moja?

Jibu: Ndugu mkulima, kabla sijaeleza lolote naomba nikuondolee wazo moja ambalo ndilo linalowafanya wewe na jirani yako mbishane bila kufika mwisho, nalo ni kudhani kwamba mharibifu ni mmoja. Umetaja madhara mawili yasiyofanana. Mbegu iliyofukuliwa kabla ya kuota ni dhara la kwanza, na mche uliokatwa baada ya kuota ni dhara la pili. Kanga ana mdomo na kucha zenye nguvu lakini hana jino hata moja, na sungura ana meno makali lakini hana kawaida ya kuchimbua udongo ili kutafuta mbegu. Inawezekana kabisa, basi, kwamba jirani yako anasema kweli kuhusu mbegu na wewe unasema kweli kuhusu miche, na kwamba shamba lako hutembelewa na wote wawili, mmoja wakati wa mchana na mwingine usiku.

Hata hivyo kuna jambo katika maelezo yako ambalo lazima nilirekebishe mapema. Ndege anayejibanza kwenye nyasi mpaka umkaribie kabisa, kisha akaruka kwa kishindo miguuni mwako, mara nyingi si kanga bali ni kwale. Kanga hutembea kwa makundi, huwa na macho mengi ya kulinda, hukuona ukiwa mbali, hupiga kelele na kukimbia kwa miguu. Huruka pale tu anapobanwa. Kanga anayeweza kukaa kimya mpaka ukaribie kumkanyaga ni jike aliyeatamia mayai. Kwale wa huko kwetu kusini, hasa yule mwenye shingo nyekundu isiyo na manyoya, hukaa wawili wawili au familia ndogo, na kujibanza ndiyo kinga yake ya kwanza. Kwa suala la mbegu haileti tofauti kubwa, kwa sababu kwale naye huchakura na kudonoa kama kanga, lakini ukienda kutafuta alama za kundi zima la kanga wakati mhusika ni kwale wawili tu, utakosa ushahidi na kumlaumu asiyekuwepo.

Kufanana kwa kwale, na kanga jike anayeatamia, na sungura katika kujificha kuna sababu ya msingi. Wote ni wanyama wa uzito wa wastani (kanga ana kama kilo 1 hadi 1.6, na sungura pori wa savana kama kilo 1.5 hadi 3), wote wanaishi juu ya uso wa ardhi bila shimo la kukimbilia, na wote wanawindwa na mbweha, paka pori, tai na chatu. Sungura pori wa Afrika Mashariki hachimbi pango. Hujitengenezea kilalo kifupi chini ya kichaka au kwenye nyasi ndefu, akalaza masikio mgongoni, akatulia mchana kutwa. Macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa, kama yalivyo ya ndege hawa, kiasi kwamba anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Kwa mnyama wa namna hiyo kutikisika ndiko kunakomtia hatarini, maana jicho la mwindaji huvutwa kwanza na mwendo, kisha na rangi. Ndiyo maana wote hungoja mpaka hatua ya mwisho. Wamefika kwenye tabia moja kutoka asili mbili zilizo mbali sana, na hapo ndipo kufanana kwao kunapokoma.

Nianze na mbegu. Ndege anapofukua mbegu hufanya kazi kwa vitu viwili: kucha zinazosukuma udongo nyuma, na mdomo unaodonoa kilichofunuliwa. Kwa hiyo utakuta udongo umetawanywa kwa upana, shimo likiwa pana na la kina kifupi, na mbegu yenyewe haipo kabisa, hata ganda lake. Ndege hawa hawamenyi wala hawatafuni. Humeza mbegu nzima, na kazi ya kusaga hufanywa na firigisi kwa msaada wa vijiwe walivyomeza. Ukikuta maganda ya mbegu yaliyogugunwa kando ya kishimo chembamba kinachoingia chini kama kwa kidole, huyo ni panya, na panya hufanya kazi hiyo usiku. Nakusihi umfikirie panya kwa uzito wote, kwa sababu katika mashamba mengi ya Lindi na Mtwara yeye ndiye anayefukua mbegu usiku, na lawama huishia kwa kanga kwa kuwa kanga ndiye anayeonekana mchana.

Unyayo wa kanga una vidole vitatu vya mbele vilivyotanuka, na alama ndogo ya kidole cha nyuma ambayo wakati mwingine haionekani kwenye udongo mgumu. Kinyesi chake, kama cha ndege wengine, kina sehemu nyeupe, kwa sababu ndege hutoa taka za mkojo zikiwa nzito pamoja na kinyesi. Chini ya miti mikubwa iliyo karibu na shamba, iwe mikorosho mizee, miembe au mikwaju, tafuta manyoya meusi yenye madoadoa meupe na kinyesi kilichorundikana. Kanga huishi ardhini mchana lakini usiku hulala mtini, na kundi linaweza kurudi kwenye mti uleule kila jioni kwa muda mrefu. Mti huo ukiupata, utajua pia kundi linaingia shambani kwa upande gani alfajiri.

Sasa sikiliza jambo ambalo wakulima wengi hawalipi uzito. Si kila mahali palipochakurwa na kanga pameibwa mbegu. Kanga hupenda sana vitunguu vidogo vya ndago, lile gugu linalowasumbua wakulima wote, ambalo jembe hulikata juu na chini likabaki. Hula pia mchwa, panzi, mende wa udongoni na viwavi, na baada ya mavuno huokota punje zilizoanguka. Jike mwenye vifaranga huhitaji wadudu zaidi kuliko nafaka, kwa maana kifaranga hakui kwa mbegu tupu. Chimbua pale palipochakurwa na uangalie: ukikuta mizizi ya ndago imekatika na mbegu zako zipo kwenye mistari yake, basi kundi hilo limekupalilia. Mimi nawathamini kanga kwa sababu hiyo, na naona ni hasara kubwa kumfukuza ndege huyu mwaka mzima kwa kosa analolifanya katika majuma mawili ya kupanda.

Majuma hayo mawili, nakubali, ni mabaya. Katika mikoa yetu mvua ni za msimu mmoja, zikianza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kiangazi kanga hukusanyika makundi makubwa karibu na maji, kwenye mabonde kama ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma, kwa sababu wanahitaji kunywa. Mvua zinapoanza, makundi hayo huvunjika taratibu na kuwa jozi za kuzaa. Wewe unapotia mbegu za mwanzo ardhini, makundi bado hayajavunjika yote, chakula cha porini kimepungua kuliko wakati wowote, na udongo ndiyo kwanza umelainika. Ndiyo sababu madhara huwa makubwa kwa mbegu za mwanzo, na aliyepanda peke yake mapema hubeba mzigo wa kijiji kizima.

Zao lenyewe nalo lina neno. Kunde inapoota huinua juu yale majani mawili manene ya mwanzo yenye akiba ya chakula, na ndege huyadonoa au kuyang'oa kwa siku chache tu. Majani ya kweli yakishatoka, hana tena cha kufuata. Mbaazi huota kwa namna nyingine, kwani akiba yake hubaki chini ya udongo. Mche wa mbaazi unaweza kuwa umeshatokeza na bado ndege akauvuta au kuuchimba ili apate mbegu iliyo chini. Kwa hiyo ukikuta mche wa mbaazi umelala pembeni mzima, una mizizi yake, lakini mbegu imenyofolewa, huyo ni ndege, hata kama ulidhani hatari imepita.

Tukija kwenye miche iliyokatwa, mambo hubadilika. Sungura ana meno manne ya mbele katika taya la juu, mawili makubwa na mawili madogo yaliyojificha nyuma yake, na meno hayo hukua maisha yake yote. Yakikutana na yale ya chini hukata shina kwa mshazari, safi, mithili ya mkato wa kisu. Shina hubaki limesimama likiwa na ncha iliyochongoka, na sehemu ya juu kwa kawaida imeliwa. Paa na funo, ambao nao hupita mashambani usiku, hawana meno ya mbele katika taya la juu. Wao hubana jani na kulivuta, hivyo mkato wao huwa umechanika na wenye nyuzinyuzi, tena mara nyingi ni juu zaidi kuliko sungura anavyofikia. Mche uliokatwa usawa wa udongo na kuachwa umelala bila kuliwa ni kazi ya sota, yaani wale viwavi wanaokata miche usiku na kujizika mchana. Chimbua udongo kuzunguka shina na utamkuta amejikunja. Nakuambia haya kwa sababu mkulima akiona sungura jioni na miche iliyolala asubuhi, huunganisha mambo mawili ambayo huenda hayahusiani.

Vinyesi vya sungura vitakusaidia sana. Ni vya duara, vimebapa kidogo, vikavu na vyenye nyuzi za majani, upana wake kama sentimita moja, na hutapakaa mahali alipokula. Vya mbuzi ni virefu zaidi na vyeusi zaidi. Sungura hutoa pia kinyesi cha aina ya pili, laini, ambacho huwezi kukiona kwa sababu hukila moja kwa moja kinapotoka. Majani aliyoyameza hupita tumboni mara mbili ili virutubisho ambavyo bakteria wa utumboni wamevitengeneza visipotee. Hapo ndipo tofauti yake na kanga ilipo kubwa kabisa. Kanga hutafuta chakula kilichojaa nguvu ndani ya kitu kidogo, yaani mbegu, kitunguu cha ndago au mdudu, na hulazimika kuzunguka mchana kukikusanya. Sungura hula kitu kilichopo kila mahali lakini chenye lishe hafifu, yaani majani, na mwili wake umeumbwa kukamua hicho kidogo mara mbili. Mmoja ni adui wa mbegu yako na mwingine ni adui wa jani lako kwa sababu ya matumbo yao.

Kama ungependa uhakika usiotegemea macho ya mtu, fanya jaribio la matenga. Chagua miche ishirini iliyo jirani upande wa kichakani. Kumi ifunike kwa matenga kila jioni na kuifunua alfajiri. Kumi nyingine ifunike alfajiri na kuifunua jioni. Weka jiwe juu ya kila tenga ili lisisukumwe. Endelea hivyo kwa siku kadhaa mfululizo. Miche iliyokuwa wazi usiku ikikatwa na iliyokuwa wazi mchana ikasalimika, basi kanga na kwale hawahusiki, maana ndege hawa hawali usiku. Mche ukikatwa ukiwa ndani ya tenga, acha habari za sungura na utafute sota. Jaribio hilohilo linafaa kwa mbegu zilizopandwa karibuni. Sawazisha pia udongo kuzunguka miche hiyo jioni na alfajiri, upate nyayo. Za sungura hazina mfano: alama mbili ndogo zimefuatana nyuma, na mbili ndefu za miguu ya nyuma zikiwa mbele yake, karibu sambamba, kwa kuwa anaporuka miguu ya nyuma hupita ya mbele.

Huenda ukashangaa kwa nini madhara ya sungura huendelea hata baada ya miezi ambayo kanga wametulia. Jibu ni uzazi. Kanga hutaga wakati wa mvua, kwa kawaida mayai 6 hadi 12, ingawa kiota kimoja kinaweza kuwa na zaidi ya 20 pale majike kadhaa yanapotaga pamoja. Huatamia kwa siku 26 hadi 28, na mwaka ukiwa na ukame uzazi hushuka. Sungura hubeba mimba ya takriban siku 42 na kuzaa mmoja au wawili, mara chache zaidi, lakini hana msimu mmoja tu. Watoto wa wote wawili huja duniani wakiwa tayari: kifaranga cha kanga hutembea siku ileile ya kuanguliwa, na mtoto wa sungura pori huzaliwa na manyoya na macho yaliyofunguka. Kwa mzazi wa ardhini asiye na shimo, ni nafuu mtoto azaliwe akiwa anajiweza. Ukimkuta mtoto wa sungura peke yake wakati wa kupalilia, hajatupwa. Katika jamii hii mama hukaa mbali makusudi ili asivute wawindaji, na humjia kumnyonyesha gizani. Mwache palepale.

Kama una sungura wa kufuga nyumbani, usitarajie kumpandisha na huyu wa porini. Yule wa bandani asili yake ni Ulaya, hubeba mimba ya siku kama 31, huzaa watoto wengi walio uchi na vipofu, na ana kromosomu (nyuzi ndogo za urithi ndani ya chembe za mwili) 44 wakati wa porini ana 48.

Njia ya kuwazuia si moja. Kwa ndege, linda shamba alfajiri na alasiri tangu siku ya kupanda mpaka kunde itoe majani ya kweli, na kwa mbaazi ongeza siku chache. Fukia mbegu za kunde kwa kina cha sentimita 3 hadi 5 na ushindilie udongo kwa mguu, kwa sababu mbegu iliyo juujuu ndiyo inayochukuliwa kwanza. Patana na majirani mpande katika juma moja ili makundi yagawanyike. Sanamu ya mtu husaidia endapo utaihamisha kila baada ya siku mbili au tatu. Ikikaa mahali pamoja kanga huizoea. Ukishavuka kipindi hicho, waache waingie kula ndago na wadudu.

Kwa sungura, ulinzi wa mchana haufai kitu. Kinachofaa ni kizuizi. Wavu wa waya wenye kimo cha kama mita moja, uliozikwa kidogo ardhini, ndio bora, lakini ni ghali kwa shamba zima, hivyo uelekeze upande wa kichakani au tumia matawi ya miiba yaliyobanana kuanzia chini kabisa. Miche michanga ya mikorosho, ambayo sungura huweza kuiguguna wakati wa kiangazi majani mabichi yanapoadimika, izungushie vijiti vya mianzi mmoja mmoja. Fyeka vichaka vidogo vilivyo katikati ya shamba ambamo hulala mchana. Usichome moto mpaka wa shamba kwa nia ya kumfukuza, kwani nyasi changa zinazochipua baada ya moto ndizo anazozipenda kuliko zote, na utakuwa umemwandalia malisho kando ya kunde zako.

Kuhusu kuwakimbiza kwa mbwa, jambo ambalo najua hufanyika sana vijijini, sikushauri, na sababu zipo katika nyama ya wanyama hawa wenyewe. Kifua cha kanga kina nyama nyeupe, yenye nguvu ya ghafla isiyodumu. Akirushwa mara chache mfululizo huchoka na kushikwa, na atakayeshikwa kwanza ni jike aliyetoka kuatamia. Sungura pori ana nyama nyekundu iliyokolea na moyo mkubwa kwa kulinganisha na mwili wake, hukimbia mbali kwa zigizaga, kisha usiku huohuo hurudi kwenye eneo lake. Kwa hiyo utampoteza anayekula ndago na kubaki na anayekata miche. Isitoshe, wanyamapori wote wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda hata kanga au sungura bila kibali ni kosa. Mitego ya nyaya na sumu imekatazwa, na mbegu zenye sumu huua kuku wa jirani, mbwa, na mtu atakayekula mzoga. Kama baada ya jaribio la matenga utaona madhara ni makubwa kuliko unavyoweza kuzuia, mpelekee ofisa wanyamapori wa wilaya taarifa kupitia serikali ya kijiji, ukiwa na idadi ya miche iliyokatwa, saa ya uharibifu na picha za nyayo, maana kwa maelezo ya namna hiyo ataweza kujua ni mnyama gani anayehusika kabla hajaamua la kufanya.